Kibao cha Mtu wa Mashoto

Mke wangu alikuwa mtu wa mashoto. Nalitaja hili kwanza kwa sababu bila hilo yaliyonipata Ikwiriri hayaeleweki. Alipokuwa mtoto mama yake alimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa wakati wa kula ili auzoee wa kulia, na kweli akauzoea kwa kula na kwa kusalimiana. Lakini kisu hakikukubali. Kisu, sindano na ufagio vilibaki kushoto mpaka mwisho wake.

Alikuwa akiuza chai na chapati hapa Kibiti, karibu na mabasi yanaposimama. Wateja wake wengi walikuwa madereva na wabeba mizigo, na hawakuacha kumtania.

"Mama, nipe mbili, lakini za mkono wa kulia."

"Za kulia zimekwisha," alikuwa akijibu bila kuinua uso. "Zimebaki tamu."

Kibao chake cha chapati nilimpatia mimi. Seremala mmoja alikuwa akitengeneza mlango wa mbao ya mkongo, kikabaki kipande, nikamwomba akilainishe. Kilikuwa cha mstatili, na juu kina sikio dogo lenye tundu la kukitundikia. Alipofanya kazi sikio lilikaa upande wa mbali, na yeye huku, kwenye kigoda. Alikuwa akisukuma donge likawa pana, akalipaka mafuta, kisha akalikata vipande virefu kwa kisu ili akizungushe kila kimoja na kukisukuma upya. Kisu kilikuwa kinapita kwenye unga na kugusa mti. Miaka ilivyokwenda kibao kikajaa mistari, na yote ililalia upande mmoja, kuanzia juu kushoto na kushuka chini kulia. Mtu wa mkono wa kulia hakati hivyo.

Pembeni upande wa kulia kulikuwa na alama ya kuungua. Hiyo ilitoka deltani, kule mto unapoingia baharini. Msimu wa mpunga tulikuwa tukihamia shambani, tukikaa juu ya dungu, yaani kibanda chenye miguu mirefu, kwa sababu ya maji na ya nguruwe. Kibao kilikwenda naye kila mwaka, amekipakata ndani ya mtumbwi kama mtoto. Siku moja akiwa anapika mvua ilitupiga ghafla na upepo ukaingia mpaka jikoni. Akaona chuma cha chapati kitaanguka na kuunguza sakafu ya fito, akakinyakua akakiweka juu ya kibao. Kikaacha alama nyeusi, kama nusu ya mwezi. Akasema bora kibao kuliko nyumba.

Alipougua tulimpeleka hospitali ya Mchukwi. Walimhangaikia, nami niliona wakihangaika. Akafa. Sina la kuongeza hapo, na nikijaribu kuongeza kalamu inakataa.

Siku ya arobaini yake, baada ya kisomo, wanawake wa upande wake waliingia ndani kugawa vitu. Kwetu ndivyo ilivyo. Nguo na vyombo vya mwanamke hugawanywa na dada zake na mashangazi zake, vinatolewa sadaka, vinaombewa dua ili thawabu zimfikie. Mume hukaa nje na wanaume wenzake. Mimi nilikaa kwenye mkeka, nikawa nasikia vyombo vinavyogongana ndani na sauti ya shangazi yao ikisema hii ya fulani, hii ya fulani. Niliposikia "na kibao cha chapati" nilitaka kuinuka. Nilitaka kusema hicho kiacheni. Lakini mwanamume anayeng'ang'ania kibao cha chapati angechekwa, na zaidi ya kuchekwa, watu wangesema simwachi mwenzangu apumzike. Nikakaa.

Kibao kilimwangukia mdogo wake, shemeji yangu, anayeishi Ikwiriri. Nilishukuru kimoyomoyo, maana na yeye huuza chapati.

Kuanzia hapo nikawa na safari za Ikwiriri. Mara nimekwenda kuulizia bei ya ufuta, mara natafuta mundu. Shemeji hakuuliza. Alikuwa akinikaribisha uani, ananimiminia chai, kisha anaendelea na kazi yake, nami nakaa nyuma yake kidogo. Sikuwa natazama. Nilikuwa nasikiliza. Mkongo ni mti mzito, una sauti yake fimbo ya kusukumia inapourudia. Kwangu ile ndiyo ilikuwa sauti ya alfajiri kwa miaka yote ya ndoa yetu. Nikiisikia, kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, nyumba yangu ilikuwa haijavunjika. Sadaka ya watu sikuigusa. Ilikuwa ya shemeji na ikabaki ya shemeji. Mimi nilikwenda kuisikia tu.

Halafu siku moja nilikaa na kikombe mkononi nikasikia sauti nyingine. Nyepesi, kama mtu anagonga boksi. Nikageuka. Shemeji alikuwa anasukumia kwenye kibao kipya, cheupe, cha mbao za paini.

"Shemeji, kile kingine kiko wapi?"

"Kile cha dada? Nimebadilishana." Alisema huku anapaka mafuta. "Amepita dada mmoja msanii kutoka Dar es Salaam. Anataka vyombo vilivyochakaa, anatoa vipya. Kanipa hiki na sufuria juu yake. Nikasema huyu ana akili sawasawa kweli? Lakini vitu vyake vizuri, shemeji, tazama, hakina hata mkwaruzo."

Nikasema ni kizuri. Kisha nikamaliza chai.

Hakuwa amekosea. Alipewa kitu, akakifanya alivyotaka, na mimi sikuwahi kumwambia kwa nini nilikuwa nakuja. Lakini njia nzima ya kurudi Kibiti nilikuwa nafikiri neno moja, kwamba kibao hakijapotea, kiko mahali fulani kwa mtu fulani, na mtu huombwa. Ningemwomba yule msanii akirudishe kwa shemeji. Basi. Hilo tu ndilo nililolitaka. Nililala nalo na kuamka nalo, na sijui kama katika msiba wote ule nilikuwa na jambo jingine la kutazamia.

Haukupita muda mrefu shemeji akanipigia simu. Yule msanii amekodi ghala moja la ufuta pale Ikwiriri ambalo halikuwa na mzigo, anaonyesha kazi zake kwa wiki nzima kabla ya kuzipeleka mjini, na wote waliompa vyombo wamealikwa pamoja na jamaa zao. "Kuna na soda," akasema. "Njoo ucheke."

Nilivaa kanzu yangu safi nikaenda.

Ghala lilikuwa limefagiwa mpaka kwenye pembe, kuta zimepakwa chokaa. Nilidhani nitakuta vyombo vimepangwa. Nilichokuta ni karatasi. Karatasi kubwa zimetundikwa kwa vibanio kwenye kamba na nyingine ukutani, na kila moja ina alama nyeusi ya kitu. Msanii hakuchora kwa mkono. Alichukua kitu chenyewe, akakipaka wino, akalaza karatasi juu yake na kusugua mpaka umbo likatoka. Ungo ulitoka na kila ufito wake. Kandambili zilizolika kisigino zilitoka na ule ulikaji wake. Kulikuwa na kipande cha mkeka, mfuniko wa ndoo, na jembe lililobaki nusu.

Watu walikuwa wengi, na wana maneno.

"Ungo uko ukutani," kijana mmoja akasema. "Basi leo mwenyewe anatembea kwa miguu."

"We nyamaza," mama mmoja akamwambia, "wenyewe wamo humu humu."

Mzee mmoja alikuwa ameinama mbele ya kandambili anasoma tarakimu zilizoandikwa chini kwa penseli. "Tatu ya kumi na mbili," akasema. "Huyu amefeli."

"Mwenzake huyu hapa kapata kumi na mbili ya kumi na mbili."

"Huyo alikaa mbele ya mwalimu."

Msanii alisikia akacheka pamoja nao. Alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa pili, amejifunga kitenge kiunoni, vidole vyake vyeusi kwa wino. Akawaeleza kwamba si maksi. Kila chombo amekitolea nakala kumi na mbili tu. Hii ni ya tatu katika hizo kumi na mbili, ile ni ya mwisho, na baada ya hapo hazitatoka nyingine duniani.

"Kwa nini usitoe nyingi ukauza nyingi?" yule kijana wa ungo akauliza.

"Zikiwa nyingi hakuna atakayezitunza, kaka yangu."

Mimi nilikuwa natafuta. Nilikikuta ukutani mwishoni, nyuma ya nguzo. Kwanza nililiona sikio na tundu lake. Kibao cheusi juu ya karatasi nyeupe, na ndani ya ule weusi mistari myeupe mingi mahali kisu kilipochimba. Nikasogea. Nikatazama nusu mwezi iliyoungua. Ilikuwa kushoto.

Nikatazama mistari. Ililala kwa upande mwingine. Ilianza juu kulia ikashuka chini kushoto, kama anavyokata kila mtu.

Siwezi kueleza furaha niliyoipata hapo. Nilimwita shemeji.

"Si chenyewe," nikamwambia. "Tazama. Hiki ni cha mtu wa kulia."

Shemeji akatazama, akainamisha kichwa upande huu na upande huu. "Lakini sikio ni lile lile, shemeji."

"Masikio yapo mengi. Dada yako alikata hivi?" Nikamwonyesha kwa mkono hewani. "Hiki alikitoa kwa mwingine. Cha dada yako hakijaguswa bado. Kipo."

Nilikuwa nimekwisha kukiona kiko ndani ya gunia mahali fulani, kinasubiri, na unga wake kwenye nyufa. Nikaenda kwa msanii moja kwa moja. Akanisalimia shikamoo, nikaitikia, nikamwambia kwamba kuna kibao alichokichukua kwa huyu dada hapa, kilikuwa cha marehemu mke wangu, na ninaona hajakitumia, basi kama inawezekana namwomba akirudishe kwa mwenyewe, sisi tutamrudishia chake kipya na sufuria yake.

Akatutazama mimi na shemeji. "Baba, kile nimekitumia. Ni kile pale nyuma ya nguzo."

"Kile si chake, mwanangu. Mke wangu alikuwa mashoto."

Kisha akanishika mkono kwa adabu akanirudisha mpaka mbele ya ile karatasi. Akaweka kiganja chake cha kushoto juu ya cha kulia, kama karatasi juu ya kibao, kisha akakifunua kama mtu anayefunua ukurasa. "Ukikandamiza hivi halafu ukageuza, kila kitu kinahama upande, baba. Wa kushoto unakuwa wa kulia. Kama kwenye kioo."

Nilielewa mara moja. Sikusoma sana lakini hilo halihitaji shule. Nilisimama pale na kiganja chake kilichofunuliwa kikiwa mbele yangu, na ile furaha ikanitoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Nilitazama tena ukutani nikamwona mke wangu amegeuzwa mtu wa mkono wa kulia. Mama yake alihangaika naye kwa kitambaa asiweze. Wino umeweza.

"Chenyewe kipo?" nikauliza.

"Kipo."

"Naomba nikione."

Akasita. Niliona anasita, nikadhani hataki kukitoa. Akaingia chumba cha pembeni, akarudi amekikumbatia kifuani, upande wa juu umemwelekea yeye. Kabla hajanipa akasema, "Baba, nikimaliza nakala zile kumi na mbili, huwa nakifunga. Watu wanaonunua nawaahidi kwamba haitatoka ya kumi na tatu. Kwa hiyo nakata alama. Ndiyo kazi yetu ilivyo. Sikujua."

Kisha akanipa.

Alikuwa amekata kwa patasi mifereji miwili mirefu, kutoka pembe hadi pembe, inapishana katikati. Ilikuwa mirefu kwenda chini kiasi cha kulaza kidole. Ilipita juu ya mistari ya mke wangu bila kuchagua. Mti wa ndani ulikuwa mwekundu bado, mbichi, kana kwamba mkongo ule ulikuwa umekatwa jana. Sehemu nyingine yote ilikuwa nyeusi. Nikakileta puani. Kilinuka mafuta ya taa na wino.

Nilikigonga kwa kifundo cha kidole. Sauti ilikuwepo, ila iliyumba kidogo, kama mtu anayeongea na jino limetoka. Nikagonga mara nyingine, nikaacha, kwa sababu watu walikuwa wananitazama.

Shemeji alikuwa ameshika mdomo. "Hakifai tena," akasema taratibu. "Unga utazama humo. Na huu wino." Kisha akaanza kulia, na mimi ndiye niliyembembeleza. "Ungeniambia," alikuwa anasema. "Shemeji, ungeniambia hata kwa neno moja. Ningemfukuza na sufuria yake."

"Hukujua."

"Kumbe ulikuwa unakuja kwa ajili hiyo."

Ingefaa niseme hapana, nilikuwa nakuja kukujulia hali. Lakini haikuwa kweli, naye ni mdogo wa mke wangu, nilishindwa kumdanganya.

Msanii naye machozi yalikuwa yanamlenga. Akasema nichukue kibao, ni changu, na nichukue pia ile karatasi, hataiuza. Nikamwambia kibao kilitolewa sadaka, kikaombewa dua, hakiwezi kurudi kwenye nyumba kilikotoka. Shemeji akadakia kwamba yeye ndiye aliyepewa, na yeye sasa ananipa mimi, hapo dua haivunjiki. Huenda ana haki. Masheikh wanajua zaidi. Ila sitaki kuandika hapa kwamba nilikataa kwa ucha Mungu peke yake. Nilikataa kwa sababu nilijiona nyumbani, asubuhi, nimekaa na kitu kile magotini, na ile alama inanitazama.

"Na karatasi, baba?"

"Yule si yeye," nikasema.

Akafikiri. Kisha akaitoa ile karatasi ukutani, akaenda nayo mpaka kwenye mlango mkubwa wa ghala ambako jua la mchana lilikuwa linaingia, akaiinua kwa mikono miwili juu ya kichwa, upande wa wino ukiangalia nje na mgongo wake ukinielekea mimi. Karatasi ilikuwa nyembamba. Mwanga ukapita kila mahali ambapo wino haukugusa. Mistari yote ikawaka, na ilikuwa imelalia upande wake, juu kushoto kushuka chini kulia. Nusu mwezi ilikuwa kulia. Hapakuwa na alama ya patasi.

Nilimwona anakata. Nasema nilivyoona. Niliona kisu kikishuka na bega lake la kushoto likishuka nacho, siku hii na siku nyingine na siku nyingine. Mahali fulani palikuwa na mistari iliyosongana sana, nikajua hapo ni pale alipokuwa anakata vipande vidogo vya watoto. Msanii alikuwa amesimama kwa ncha za vidole. Mikono yake ikaanza kutetemeka kwa kuchoka, na mistari nayo ikatetemeka.

"Inatosha, mwanangu," nikasema. "Shusha."

Akashusha. Akaigeuza, na yote yakahama tena.

Tulitoka ghalani mimi na shemeji tukatembea mpaka kwake, kwa kuwa basi langu lilikuwa bado. Alitaka nile. Akakanda unga, akaweka kile kibao chake cha paini miguuni, halafu akakaa akikitazama, fimbo mkononi, bila kusukuma. Akanitazama na mimi. Nikamwambia asijisumbue, nimeshiba soda. Akafunika unga kwa sinia.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Alinifungia viazi vitamu kwenye mfuko, akanipa salamu za wanangu kila mmoja kwa zamu yake.

"Utakuja lini tena, shemeji?"

"Nitakuja," nikasema. "Mwezi huu huu."

Sijaenda. Hupiga simu, ana wema wake ule ule, huniuliza kama nimekula. Namwambia nimebanwa na palizi, au barabara ni mbaya, na yeye anasema haya. Mara moja palizi ilikuwa imekwisha kabisa, na mumewe alikuwa amepita Mtawanya, ninakolima, juzi yake akaliona shamba langu limekaa safi. Alijua, nami nikajua kwamba anajua. Akasema, "Haya, shemeji. Pole na kazi." Tukabaki kimya wote wawili kwenye simu mpaka salio lake likaisha.